Kabla ya Kununua Vidonge vya Kalsiamu

Somo la robo hii kwa kamati za afya za parokia na kwa wote wanaotuunga mkono



Katika somo letu la robo hii tunaizungumzia kalsiamu, ambayo wengine huiita madini ya chokaa, na vidonge vyake vinavyouzwa kwa ajili ya kuimarisha mifupa. Ni jambo linalozigusa kamati zetu moja kwa moja. Wazee wetu wanaongezeka, wanaanguka, wanavunjika, na watu wema wanapotoa fedha, mara nyingi huuliza, "Je, tuwanunulie vidonge vya kalsiamu?" Swali ni jema. Lakini jibu lake si "ndiyo" wala "hapana" ya haraka.

Baada ya kulisoma somo hili, kamati iweze:
1. Kueleza nani hasa anahitaji kalsiamu ya nyongeza na nani haihitaji.
2. Kusoma lebo ya kopo au pakiti na kujua kiasi halisi cha kalsiamu kilichomo.
3. Kuwasaidia watu wameze vidonge hivyo bila kuharibu kazi ya dawa nyingine.

KISA MKASA

Kisa hiki kinafanana na mengi yanayozikuta kamati zetu.

Bibi mmoja wa kigangoni, mjane wa miaka 71, aliteleza alfajiri akitoka kuteka maji bombani. Ndoo ilimwagika, naye akashindwa kuinuka. Hospitalini picha ya eksirei ilionesha kwamba nyonga imevunjika. Jumuiya yake ikachanga, na rafiki wa parokia aliyeko mjini akaongeza fedha akisema, "Wazee wengine wasije wakapatwa na haya."

Jumapili iliyofuata kamati ya afya ilikutana. Mezani kulikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa kopo kubwa la unga wa kalsiamu lenye picha ya mfupa, lililoletwa na mwanajumuiya mwenzao anayeuza virutubisho. Cha pili kilikuwa pakiti za vidonge vidogo vyeupe vya bei nafuu kutoka duka la dawa. Cha tatu kilikuwa chupa ya vidonge vikubwa, navyo vilikuwa ghali kuliko vile vidogo. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kumwahidi mwuzaji kwamba kamati itachukua makopo 12, kopo moja kwa kila mzee asiyejiweza.

Katibu, mama aliyestaafu uuguzi, aliomba nafasi. "Mzee Mwenyekiti, naomba tulisome kopo kwanza."

"Mama Katibu, kopo limeandikwa kalsiamu. Tusome nini tena?"

"Tusome ni kalsiamu kiasi gani."

Tutarudi kwenye kikao hicho mwishoni. Kwanza tujifunze kile ambacho Mama Katibu alikuwa akikitafuta.

KALSIAMU HUFANYA KAZI GANI?

Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyobaki huzunguka katika damu na kuisaidia misuli kujikaza, moyo kupiga na damu kuganda. Kazi hizo haziwezi kungoja. Kwa hiyo chakula kisipoleta kalsiamu ya kutosha, mwili huichota kutoka mifupani, kama familia inayochota mahindi ya akiba ghalani wakati wa njaa. Ghala linapochotwa kila siku bila kujazwa, siku moja huwa tupu.

Mfupa huwekewa akiba hasa utotoni na ujanani. Baada ya hapo akiba huanza kupungua polepole. Kwa mwanamke hupungua kwa kasi zaidi katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Mfupa uliopungukiwa hauumi wala hauoneshi dalili. Mara nyingi ishara ya kwanza ni kuvunjika kwa kiwiko cha mkono, uti wa mgongo au nyonga baada ya kuanguka kidogo tu.

Kalsiamu haifanyi kazi peke yake. Inahitaji vitamini D ili ifyonzwe kutoka tumboni, na vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi inapopata jua. Nchi zetu zina jua mwaka mzima, lakini mzee asiyetoka ndani ya nyumba halioni jua hilo. Mfupa unahitaji pia protini na mwendo. Mtu anayetembea na kufanya kazi za mikono huuambia mfupa wake uwe imara.

NANI ANAHITAJI KIASI GANI?

Viwango vinavyotumika sana ni vile vilivyotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2010. Kwa siku moja, kutoka chakula na vidonge vikijumlishwa:

- Mtoto wa miaka 1 hadi 3: miligramu 700
- Mtoto wa miaka 4 hadi 8: miligramu 1000
- Miaka 9 hadi 18: miligramu 1300
- Miaka 19 hadi 50: miligramu 1000
- Wanaume wa miaka 51 hadi 70: miligramu 1000
- Wanawake kuanzia miaka 51, na wote kuanzia miaka 71: miligramu 1200

Kuna pia mpaka wa juu. Mtu wa miaka 19 hadi 50 asizidishe miligramu 2500 kwa siku, na mwenye miaka 51 na kuendelea asizidishe 2000. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua mtu anapata kiasi gani tayari. Kidonge ni cha kujaza pengo. Pasipo na pengo, kidonge hakina kazi.

TUANZE NA SAHANI

Kamati haihitaji maabara ili kukadiria. Muulizeni mzee alikula nini jana, tangu asubuhi hadi usiku, kisha mtumie makadirio haya:

- Kikombe cha maziwa cha mililita 250, fresh au mgando: karibu miligramu 300.
- Dagaa wakavu, wanaoitwa omena Kenya na mukene Uganda, wakiliwa wazima na mifupa yao: konzi ndogo ya gramu 20 hutoa zaidi ya miligramu 200.
- Unga wa ulezi: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300. Bakuli la uji lenye gramu 40 za unga lina kama miligramu 130.
- Sukuma wiki iliyopikwa, gramu 100: karibu miligramu 150, na mwili huifyonza vizuri.
- Ugali wa mahindi: hata sahani kubwa haifikishi miligramu 50.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapa. Mchicha na spinachi vina kalsiamu nyingi, lakini vina pia asidi ya oksaliki inayoishika kalsiamu hiyo isifyonzwe. Mboga hizo ni nzuri kwa mambo mengine, lakini tusizitegemee kwa kalsiamu. Ulezi nao una kitu kinachozuia ufyonzaji kwa sehemu. Kuuloweka au kuuchachusha kabla ya kupika hupunguza kizuizi hicho.

Sasa mfikirieni yule bibi wa kigangoni. Asubuhi alikunywa chai ya rangi. Mchana alikula ugali na mchicha, na jioni ugali na maharage. Siku yake nzima haikufikia miligramu 400, wakati alihitaji 1200. Jirani yake, mzee anayefuga ng'ombe wawili, hunywa vikombe viwili vya maziwa na hula dagaa mara kwa mara. Yeye yuko karibu na kiwango bila kidonge chochote. Wazee hao wawili ni wa umri mmoja na kigango kimoja, lakini haja zao si moja. Anayewagawia makopo sawasawa hajamtazama hata mmoja wao.

Tuseme pia neno juu ya udongo. Akina mama wengi wajawazito hula udongo wa kuokwa au wa kuchimbwa, unaouzwa sokoni kwa jina la pemba, wakiamini unaleta madini. Udongo huo unaweza kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe na kuleta upungufu wa damu. Umeonekana pia kuwa na risasi, ambayo ni sumu. Vivyo hivyo, unga wa mifupa ya wanyama unaotengenezwa bila kupimwa unaweza kuwa na risasi. Hizo si njia salama za kutafuta kalsiamu.

JE, VIDONGE VINASAIDIA KWELI?

Tafiti nne zinatupa picha nzuri, na tunaziweka hapa kwa sababu ukizisoma kwa haraka zinaonekana kupingana.

Ufaransa, 1992. Wanawake wazee 3270 waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee walifuatiliwa. Waliopewa miligramu 1200 za kalsiamu pamoja na vitamini D kila siku walipata mivunjiko ya nyonga michache kwa asilimia 43 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, katika muda wa miezi 18. Damu ya wengi wao ilikuwa na vitamini D kidogo.

Nigeria, 1999. Katika mji wa Jos, watoto 123 wenye ugonjwa wa matege walitibiwa. Walikuwa wakipata kama miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Jua lilikuwapo tele, na vitamini D peke yake haikuwasaidia sana. Waliopewa kalsiamu, pamoja na vitamini D au bila hiyo, walipona vizuri zaidi. Tuongeze hapa kwamba si kila matege hutokana na kukosa kalsiamu. Katika maeneo ya Mlima Meru, Arusha, maji yenye floridi nyingi huharibu mifupa na meno, na huko dawa ni maji salama.

Marekani, 2006. Wanawake 36,282 wa miaka 50 hadi 79 walifuatiliwa kwa miaka kama 7. Nusu yao walipewa miligramu 1000 za kalsiamu na vitamini D kidogo. Mifupa ya nyonga iliimarika kwa kiasi cha asilimia 1, lakini mivunjiko ya nyonga haikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Mawe kwenye figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Wengi wao walikuwa tayari wakipata kalsiamu ya kutosha.

Tanzania na India, 2024. Wajawazito 11,000 wa Dar es Salaam na wengine 11,000 wa Bangalore walishiriki. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza wajawazito wa maeneo yenye chakula chenye kalsiamu kidogo wapewe gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, ili kupunguza hatari ya presha ya ujauzito inayoweza kuleta kifafa cha mimba. Utafiti huu uliuliza kama kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kufanya kazi ya miligramu 1500. Kwa kuzuia presha hiyo, kidonge kimoja hakikuwa duni kuliko vitatu. Hapa kalsiamu haikutolewa kwa ajili ya mifupa, lakini funzo ni lile lile: kalsiamu humfaa anayeikosa, na kuzidisha hakuongezi faida.

Tukiziunganisha tafiti hizi, tunaona jambo moja. Kalsiamu iliwasaidia waliopungukiwa. Waliokuwa nayo ya kutosha haikuwaongezea kitu cha maana, na baadhi yao iliwadhuru. Ndiyo sababu mwaka 2018 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani liliwashauri wanawake wanaoishi majumbani mwao, ambao hedhi imekoma na ambao hawana ugonjwa wa mifupa wala upungufu, wasitumie vidonge vya miligramu 1000 au chini yake kila siku kwa nia ya kuzuia mivunjiko.

JINSI YA KUSOMA LEBO

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kalsiamu haiwekwi katika kidonge peke yake. Hufungwa pamoja na kitu kingine, na kile kitu huchukua sehemu ya uzito. Aina nne zinazopatikana zaidi ni hizi:

1. Kalsiamu kabonati. Asilimia 40 ni kalsiamu halisi. Kidonge cha miligramu 1250 kina miligramu 500 za kalsiamu. Mara nyingi ndiyo aina ya bei nafuu zaidi ukihesabu kalsiamu yenyewe. Inahitaji asidi ya tumbo, hivyo imezwe pamoja na chakula. Inaweza kuleta gesi na choo kigumu.

2. Kalsiamu sitreti. Asilimia 21 ni kalsiamu halisi. Kidonge cha miligramu 1000 kina miligramu 210. Inaweza kumezwa na chakula au bila chakula. Inawafaa wazee wenye asidi kidogo tumboni na wanaotumia omeprazole kwa vidonda vya tumbo. Kwa kawaida ni ghali zaidi.

3. Kalsiamu lakteti. Asilimia 13 tu ni kalsiamu halisi. Kidonge cha miligramu 300, ambacho ni cha kawaida katika maduka mengi ya dawa, kina miligramu 39 tu.

4. Kalsiamu glukoneti. Asilimia 9 ni kalsiamu halisi. Kidonge cha miligramu 500 kina miligramu 45.

Sasa tufanye hesabu. Mzee ana pengo la miligramu 500 kwa siku. Atahitaji kidonge 1 cha kabonati cha miligramu 1250, au vidonge kama 11 vya glukoneti, au vidonge 13 vya lakteti. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni vidonge 30 dhidi ya 390. Na mgonjwa anayeambiwa ameze lakteti kimoja mara tatu kwa siku anapata miligramu 117, pungufu ya nusu kikombe cha maziwa.

Tahadhari nyingine iko katika maneno. Lebo moja husema "kalsiamu miligramu 500", ikimaanisha kalsiamu halisi. Lebo nyingine husema "kalsiamu kabonati miligramu 500", ikimaanisha uzito wote, na ndani yake mna 200 tu. Kwenye lebo za Kiingereza tafuta neno "elemental". Namba iliyo karibu nalo ndiyo kalsiamu halisi. Pasipokuwa na neno hilo, muulizeni mfamasia, au mfanye hesabu kwa asilimia tulizotaja.

Kisha angalieni mambo haya manne:
- Je, bidhaa imesajiliwa? Tanzania dawa husajiliwa na TMDA, na usimamizi wa vyakula uko chini ya TBS tangu mwaka 2019. Kenya dawa husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.
- Je, tarehe ya mwisho wa matumizi iko mbele ya kutosha kumaliza chupa?
- Je, kuna vitamini D ndani yake, na ni kiasi gani? Kiwango cha siku ni yuniti 600 hadi miaka 70, na yuniti 800 baada ya hapo.
- Je, mwuzaji anadai kwamba inatibu kisukari, presha na saratani pia? Kidonge cha kalsiamu hakitibu magonjwa hayo. Dai la namna hiyo ni sababu tosha ya kukirudisha kopo mezani.

JINSI YA KUMEZA

Mwili hufyonza kalsiamu vizuri zaidi ikija kidogo kidogo, isizidi miligramu 500 kwa mara moja. Anayehitaji 1000 agawe mara mbili.

Kalsiamu hugombana na dawa kadhaa tumboni, na kuzizuia zisiingie mwilini. Jambo hili linaweza kuwa na madhara makubwa kuliko kukosa kalsiamu yenyewe:

- Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma: viachane na kalsiamu kwa saa kadhaa. Mjamzito ameze kimoja asubuhi na kingine jioni, kwa maelekezo ya kliniki.
- Doxycycline, tetracycline na ciprofloxacin: zisimezwe pamoja na kalsiamu. Mfamasia aeleze saa za kuachanisha.
- Dawa ya tezi, levothyroxine: iachane na kalsiamu kwa saa 4.
- Alendronate, dawa ya kuimarisha mifupa: humezwa na maji matupu asubuhi kabla ya kula chochote. Kalsiamu ingoje angalau nusu saa.
- Dolutegravir, iliyomo katika kidonge cha TLD kinachotumiwa na watu wengi wanaoishi na VVU: kama mtu hajala, dolutegravir imezwe saa 2 kabla ya kalsiamu au saa 6 baada yake. Vinaweza kumezwa kwa wakati mmoja endapo vitamezwa pamoja na chakula.

Tuitazame hiyo ya mwisho kwa makini. Kamati inayogawa makopo mlangoni baada ya ibada haijui nani anatumia TLD, wala haina haki ya kumuuliza mtu mbele za watu. Mtu aliyepokea kopo kwa furaha anaweza kulinywa pamoja na dawa yake alfajiri kabla ya kula, na dawa ikapungua nguvu bila mtu yeyote kujua. Hivyo basi, kalsiamu isigawiwe kwa mkupuo. Ipitie kwa tabibu au muuguzi, anayeweza kuuliza faraghani.

Aidha, wafuatao wasianze kalsiamu kabla ya kumwona daktari: aliyewahi kupata mawe kwenye figo, mwenye ugonjwa wa figo, anayetumia digoxin kwa ajili ya moyo, na anayetumia vidonge vya presha vya kuongeza mkojo.

ALIYEKWISHA KUVUNJIKA

Mtu aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo yuko katika hatari kubwa ya kuvunjika tena. Kwake kalsiamu peke yake haitoshi. Anahitaji kupimwa, na huenda akahitaji dawa maalumu ya mifupa. Vivyo hivyo kwa mtu aliyetumia prednisolone kwa miezi mingi, kwa kuwa dawa hiyo hudhoofisha mfupa. Asiiache ghafla, arudi kwa daktari.

Tusisahau pia kwamba nyonga nyingi huvunjika kwa sababu mtu ameanguka. Mtoto wa jicho asiyetibiwa, kandambili zilizochakaa, njia yenye utelezi na giza la usiku kwenda chooni vyote vinavunja mifupa. Kuvirekebisha ni kazi ambayo kamati inaiweza.

TURUDI KIKAONI

Mama Katibu aligeuza kopo na kusoma kwa sauti: kijiko kimoja kwa siku, kalsiamu miligramu 100. Kikombe cha maziwa kina mara tatu ya hiyo. Vile vidonge vidogo vya bei nafuu vilikuwa lakteti ya miligramu 300. Chupa iliyoonekana ghali ilikuwa kabonati yenye miligramu 500 za kalsiamu halisi pamoja na vitamini D. Walipogawa bei kwa kalsiamu, na si kwa idadi ya vidonge, ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Kukawa kimya. Mwenyekiti akasema, "Nami nimekwisha kumwahidi mtu. Nitamwambia nini?"

"Mwambie kamati imesoma kopo," alijibu mzee mmoja. "Fedha hii si yetu, Mwenyekiti."

Haikuwa rahisi. Mwuzaji alikasirika, na kwa majuma kadhaa hakuonekana kwenye jumuiya. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekwenda kumtembelea. Lakini kamati ilishika uamuzi wake. Ilimwomba tabibu wa zahanati awaone wazee wote 12. Wanne kati yao walionekana kuhitaji vidonge, nao wakanunuliwa kabonati yenye vitamini D ya miezi 3, kisha waonwe tena. Wengine walipangiwa dagaa na maziwa kutoka kwa majirani wafugaji. Sehemu ya fedha ilitumika kumrudisha yule bibi hospitali kwa uchunguzi wa mifupa. Iliyobaki ilinunua saruji na kokoto, na vijana wa kigango wakatengeneza njia ya kwenda bombani, wakaiwekea mshikio wa mti upande mmoja.

Bibi sasa anatembea kwa fimbo. Shambani hajarudi, na pengine hatarudi. Lakini kila asubuhi hukaa juani mlangoni pake na kikombe cha maziwa, na huwaambia wanaopita wakiwa na ndoo, "Shikeni ule mti, wanangu."

NENO KWA WANAOTUUNGA MKONO

Tunajua kwamba ni rahisi kufurahia picha ya makopo 12 yakikabidhiwa kuliko picha ya njia ya saruji. Tunawaomba mtuamini tunapowaandikia kwamba mmoja wa wazee hakuhitaji kidonge bali mboni mpya ya jicho, au kwamba mwingine alihitaji maziwa tu. Ni vema pia msitume vidonge kutoka mbali bila kuuliza kwanza. Fedha inayonunua dawa iliyosajiliwa karibu na mgonjwa hufanya kazi zaidi. Na mnapopokea taarifa yetu, msiulize tumegawa vidonge vingapi. Ulizeni ni nani waliopewa, kwa sababu gani, na wanaendeleaje.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KAMATI

1. Chagueni wazee watatu wa kigango chenu, kwa ridhaa yao. Walikula nini jana? Kadirieni kalsiamu waliyopata.
2. Nendeni duka la dawa lililo karibu, msome lebo za aina zote za kalsiamu zilizopo. Kila kidonge kina kalsiamu halisi kiasi gani? Miligramu 500 zinagharimu shilingi ngapi kwa kila aina?
3. Ni vyakula gani vyenye kalsiamu vinapatikana kwenu mwaka mzima? Ni vipi huuzwa nje ya kijiji na wenye navyo wakabaki bila?
4. Nani katika zahanati yenu anaweza kuwaona wazee faraghani kabla ya kupewa vidonge?
5. Mzee wa kwenu aliyeanguka mwisho, alianguka wapi? Mahali hapo pamerekebishwa?
6. Mwenyekiti wa kisa chetu alikuwa ameahidi kabla ya kusoma. Kamati yenu ina utaratibu gani wa kuzuia ahadi za namna hiyo?

Tunawatakia majadiliano mema. Mkifanya zoezi la swali la pili, tuandikieni matokeo yenu ili kamati nyingine zijifunze kutoka kwenu.